Kabla ya King'ora Kusikika: Wanaookoa Maisha Thika na Ruiru

Ajali ikitokea kwenye barabara kuu ya Thika, mtu wa kwanza kumfikia majeruhi mara nyingi si daktari wala askari wa zimamoto. Ni kijana wa boda boda aliyekuwa akingoja abiria kituoni, mama anayechoma mahindi kando ya barabara, au abiria wa matatu iliyokuwa ikifuata nyuma. Wenye sare huja baadaye. Kupona kwa majeruhi hutegemea mambo mawili: waliyoyafanya wale wa kwanza, na namna walivyomkabidhi kwa wale wa pili.

Makala haya yanaeleza wanaookoa watu Thika na Ruiru ni kina nani, wanafanya kazi chini ya sheria gani, na mnyororo wao hukatika wapi. Msomaji wa Pwani akiuliza yanamhusu nini, jibu ni kwamba anayetoka Nairobi kwenda Garissa, na kutoka huko kuteremka hadi Hola, hupitia Thika. Vijana wetu wanasoma Juja katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na wengine Mount Kenya pale Thika. Wapo waliopanga Ruiru na Githurai wakifanya kazi Nairobi. Simu ya usiku ikilia nyumbani Kisauni au Malindi kwamba mtoto amepata ajali huko bara, ni vyema mzazi ajue aliye huko mikononi mwa nani.

MIJI MIWILI, HATARI NYINGI

Thika iko takriban kilomita 40 kaskazini mashariki mwa Nairobi, na Ruiru iko katikati ya safari hiyo. Miji yote miwili iko kaunti ya Kiambu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Kwa hesabu hiyo Ruiru ilikuwa mji wa nne nchini, ikitanguliwa na Nairobi, Mombasa na Nakuru tu. Wazee wanaikumbuka Ruiru kwa mashamba ya kahawa, na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima 1985, ilipata jina kutokana na kituo cha utafiti kilicho hapo. Leo sehemu kubwa ya mashamba hayo imekatwa ploti, na juu ya ploti kumesimama magorofa ya kupangisha.

Thika ni mji wa viwanda: mafuta ya kupikia, nguo, ngozi na vyakula. Kando yake kuna mashamba makubwa ya mananasi. Ndani ya mji kuna mitaa yenye msongamano kama Kiandutu, ambako vyumba vya mabati vimegusana. Ukitoka nje kidogo kuelekea Ngoliba au Gatundu, unaingia vijijini, ambako nyumba ziko mbalimbali na barabara za udongo hugeuka matope wakati wa masika.

Kwa hiyo kaunti moja ina shida mbili zilizo kinyume. Mjini gari la uokoaji liko karibu lakini halipiti. Mashambani njia iko wazi lakini gari liko mbali. Huko kote anayebaki na majeruhi kwa dakika nyingi za mwanzo ni jirani.

Barabara yenyewe imeleta yake. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Iliharakisha safari, na pia iliongeza kasi ya magari palipo na watu wengi wa miguu. Imegawanywa katikati kwa vizuizi. Ambulensi iliyo upande wa pili wa ajali hulazimika kwenda hadi pa kugeuzia kisha irudi, na msongamano ukiwepo dakika hizo huwa nyingi.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya 2010 iligawa kazi. Jedwali la Nne lasema kuwa huduma za zimamoto na kudhibiti majanga ni kazi ya kaunti, na ambulensi pia zimewekwa chini ya afya ya kaunti. Serikali kuu nayo imebaki na wajibu wake katika kudhibiti majanga. Kwa hivyo tangu ugatuzi uanze 2013, mwenye kuulizwa gari la zimamoto la Thika liko wapi ni serikali ya kaunti ya Kiambu, kama vile Mombasa anavyoulizwa wa Mombasa.

Kifungu cha 43 cha Katiba chaongeza neno ambalo kila raia angelihifadhi moyoni: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ilifafanua kwamba matibabu hayo yaanza kabla ya hospitali, yaani pale barabarani. Yanajumuisha kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa iwapo kituo hakina uwezo. Kituo chenye uwezo kinachomkataa mgonjwa wa dharura kinafanya kosa mbele ya sheria. Kisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ikaanzisha mfuko wa kugharamia dharura pamoja na magonjwa sugu na mahututi.

Kwenye karatasi, basi, haki ipo. Lakini nchi nzima inakumbuka kisa cha Oktoba 2015, cha mtu aliyegongwa na gari Nairobi akakaa ndani ya ambulensi takriban saa 18 kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Gari lilikuwepo na wahudumu walikuwemo. Kilichokosekana ni mahali pa kumpokea. Haki ya matibabu ya dharura ina maana pale tu kila pingu ya mnyororo inaposhika inayofuata.

WALIOAJIRIWA

Askari wa zimamoto. Hawa walikuwa wafanyakazi wa mabaraza ya miji, na baada ya ugatuzi wakawa wa kaunti. Jina lao lataja moto, ila kazi yao ni zaidi ya huo. Hukata vyuma vya gari lililobonyea ili kumtoa dereva, huopoa walioanguka visimani, na huitwa jengo likiporomoka au mafuta yakimwagika barabarani.

Wananchi wengi huwalaumu kwa kufika na maji kidogo. Hapa hesabu yasaidia. Gari lenye tangi la lita 5,000 likimwaga lita 1,000 kwa dakika huishiwa baada ya dakika tano. Baada ya hapo lahitaji bomba la maji la zimamoto barabarani, bwawa, au gari jingine la maji. Bomba likiwa halina maji, au likiwa limejengewa kibanda juu yake, askari hana budi kuondoka akajaze tena huku nyumba zikiungua. Watu huona gari likiondoka na hasira huwapanda. Si mara moja nchini mwetu ambapo askari wa zimamoto wamepokelewa kwa mawe. Mawe hayo huwarudia wenye nyumba, kwani kioo kikivunjika gari halirudi haraka.

Wahudumu wa ambulensi. Kuna ambulensi za kaunti, za Msalaba Mwekundu, za hospitali za binafsi na za kampuni. Mhudumu aliyefunzwa hufungua njia ya hewa, huzuia damu, hufunga mfupa uliovunjika na humlaza mgonjwa kwa namna ya kulinda uti wa mgongo. Tofauti ya ambulensi na gari lolote lenye machela ni huyo aliye nyuma. Gari lenye king'ora lisilo na mhudumu aliyefunzwa wala hewa ya oksijeni ni teksi ya mgonjwa tu.

Hospitali. Hospitali ya Thika Level 5 ndiyo rufaa ya upande huu, na hupokea pia wagonjwa kutoka Murang'a na Machakos zilizo jirani. Ruiru ina hospitali ya kaunti ndogo. Upande wa Kahawa, kuelekea Nairobi, kuna hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoanza kuhudumia wagonjwa 2019. Mhudumu wa ambulensi anayetoka Ruiru hulazimika kuamua aende kaskazini au kusini. Uamuzi huo wataka simu moja kwanza: je, kuna nafasi, na kuna daktari wa upasuaji usiku huu?

Polisi na jeshi. Polisi hulinda eneo, hupisha magari na huandika maelezo. Thika pia ina kikosi cha wahandisi wa jeshi, na kwa majanga makubwa nchini jeshi huitwa likiwa na mashine nzito na watu waliofunzwa kufukua.

WANAOJITOLEA

Msalaba Mwekundu wa Kenya uliundwa kwa sheria ya Bunge Desemba 1965. Nguvu yake ni watu wa kujitolea walioko kila kaunti, ambao hufunzwa huduma ya kwanza, uokoaji na kusaidia waliofiwa. Wengi ni vijana na wanafunzi. Nambari yake ya dharura ni 1199. St John Ambulance nayo imekuwepo Kenya tangu 1928, na sare zake huonekana kwenye michezo, mikutano na sherehe za kitaifa. Mashirika haya mawili pia hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza kwa viwanda, shule na watu binafsi.

Wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima waliopewa mikoba ya vifaa. Mmoja huhudumia takriban kaya 100. Kazi yao kubwa ni kinga, uzazi salama na kufuatilia wagonjwa majumbani, wala wao si ambulensi. Lakini kule Gatundu au Ngoliba, mjamzito akianza kuvuja damu usiku wa manane, huyu ndiye anayejua hali yake na ndiye anayejua gari la nani kijijini laweza kuwashwa.

Vikosi vya viwandani. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zataka mwajiri awe na kikosi cha kuzima moto miongoni mwa wafanyakazi, afanye zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kwa mwaka, na akaguliwe. Katika mji wa viwanda kama Thika, hii ina maana kwamba kila siku kuna mamia ya watu mjini waliofunzwa kushika mtungi wa kuzimia moto na kumbeba aliyezimia. Jioni wanarudi Makongeni na Kiandutu na ujuzi huo wakiwa nao, ila mitaani hakuna aliyewaandika wala anayewaita.

Boda boda. Hawa hawamo katika jedwali lolote la serikali, lakini wamo katika kila ajali. Wanazijua njia za vichochoro, wako macho usiku, na wana simu. Wana pia mazoea mawili ya hatari. La kwanza ni kumvuta majeruhi kwa mikono na miguu na kumpakia katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Aliyevunjika shingo aweza kupooza kwa safari hiyo ya dakika kumi. La pili ni kuwasha moto pikipiki au gari la aliyesababisha ajali. Wanaofanya hivyo hupoteza dakika ambazo majeruhi hana, na moto huo mara nyingine huwazuia waokoaji.

Hata hivyo, kuwalaumu bila kuwafunza ni dhuluma. Kijana wa boda boda anamvuta majeruhi kwa sababu anajua akingoja huenda gari lisije. Mfunze namna ya kubana jeraha na kumlaza mtu sawasawa, mpe glavu na nambari ya kupiga, na hapo utakuwa na mwokoaji katika kila kituo cha pikipiki kutoka Githurai hadi Thika mjini. Hakuna kaunti inayoweza kuajiri watu wengi kiasi hicho.

HATARI NNE NA ZINAVYOKWENDA

Barabara. Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na watembea kwa miguu na waendesha pikipiki ni sehemu kubwa ya hao. Sheria ya Trafiki yamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kuripoti. Watu wengi waliojeruhiwa vibaya hufa kwa damu au kwa kuziba njia ya hewa, na yote mawili hutokea kabla ambulensi haijawasha injini. Jambo jingine ni matangi ya mafuta. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo, tangi lililopinduka lililipuka watu wakichota petroli, na zaidi ya 100 wakafa. Tangi likianguka popote, uokoaji wa kwanza ni kuondoa watu na kuzima sigara, jiko na pikipiki zilizo karibu.

Ipo pia siku ambayo Pwani na barabara ya Thika zilishiriki msiba mmoja. Tarehe 3 Mei 2014 watu waliuawa kwa shambulio Mwembe Tayari, Mombasa. Kesho yake mabasi mawili yalilipuliwa kwenye barabara ya Thika. Watu 3 waliuawa na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Majeruhi wakiwa wengi kwa wakati mmoja, waokoaji hawaanzi na anayepiga kelele. Anayelia anapumua. Huanza na aliyenyamaza na anayevuja damu nyingi. Raia asiyejua hilo huwasukuma wahudumu kwa mwenye sauti kubwa, na aliyekimya akafa pembeni.

Moto. Kwenye vyumba vya mabati na mbao, moto huruka toka chumba hadi chumba kwa dakika chache. Sababu ni zile zile: mtungi wa gesi unaovuja, nyaya za umeme za wizi, mshumaa, jiko lililoachwa. Vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, na mpira wa maji haufiki. Wenyeji huzuia moto kwa kubomoa vyumba vilivyo mbele yake. Ni uchungu kwa mwenye chumba, lakini ni mbinu halali ya kuukatia moto chakula. Magorofa ya kupangisha ya Ruiru yana hatari yake: ngazi moja tu, madirisha yenye vyuma visivyofunguka, na geti la chini lililofungwa kwa kufuli usiku kwa ajili ya wezi. Ufunguo ukiwa kwa mlinzi mmoja, na mlinzi amelala, wapangaji wote wamefungiwa ndani.

Maji. Wajenzi wengi wa eneo hili wanayajua mawe ya Ndarugo. Mawe hayo hutoka kwenye matimbo ya Juja na maeneo ya jirani. Timbo likiisha mawe huachwa wazi, mvua ikalijaza, na watoto wakaenda kuogelea. Kingo zake zimesimama wima kama ukuta, hakuna pa kushika wala pa kukanyaga. Ndiyo maana hata anayejua kuogelea hufa humo. Kuna pia mito ya Chania na Thika, na maporomoko ya Fourteen Falls kwenye Mto Athi karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako wenyeji wanaojua mikondo ndio huingia kwanza mtu akizama. Mafuriko ya masika ya 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, yalikumbusha kila mtu kwamba maji ya magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima.

Majengo. Magorofa yanayojengwa haraka huporomoka, na katika miaka ya karibuni kaunti ya Kiambu imeshuhudia zaidi ya jengo moja likianguka. Hapa nguvu za jirani zinaweza kuua. Mamia wakipanda juu ya kifusi, uzito wao hubana nafasi alimobaki mtu hai. Waokoaji huomba kimya ili wasikie anayegonga. Umati ukikataa kunyamaza, sauti hiyo haisikiki.

MNYORORO HUKATIKA WAPI

Ukiyatazama haya yote pamoja, utaona kuwa Thika na Ruiru hazikosi watu. Zina walioajiriwa, waliojitolea, wanafunzi wa udaktari na uuguzi, wafanyakazi wa viwandani waliofunzwa, na jeshi lenye mashine. Kinachokosekana ni kiungo kati yao.

Kwanza, nambari ni nyingi. Kuna 999, 112 na 911 za polisi, 1199 ya Msalaba Mwekundu, na nambari za zimamoto na ambulensi ambazo hutofautiana kaunti kwa kaunti. Aliyeogopa hakumbuki nambari sita. Nchi inahitaji nambari moja inayojibiwa na mtu mmoja, anayetuma kinachohitajika.

Pili, anwani hazipo. "Niko karibu na duka la Mama fulani" si anwani kwa dereva anayetoka mji mwingine. Mitaa mipya ya Ruiru haina majina ya njia wala nambari za nyumba zinazoonekana.

Tatu, raia anaogopa. Wengi hupita majeruhi wakihofia kuitwa mashahidi, kudaiwa fedha hospitalini, au kushukiwa wao ndio waliogonga. Mtu aliyemleta majeruhi akishikwa kwa maswali hadi usiku, kesho wenzake kumi wote watageuza macho.

Nne, bajeti hununua vinavyoonekana. Gari jipya la zimamoto huzinduliwa mbele ya kamera. Mafunzo ya siku mbili kwa vijana 40 wa kituo cha boda boda hayana utepe wa kukata. Lakini gari hilo hufika baada ya dakika nyingi, na vijana wale wapo tayari pale pale.

SOMO KWA PWANI

Haya si ya bara pekee. Mtongwe, Aprili 1994, feri ilipozama na watu 272 wakafa, bahari ilionyesha kwamba uokoaji hutaka watu na vyombo vilivyo tayari kabla ya msiba. Septemba 2019, gari lilipoteleza toka feri ya Likoni, ilichukua takriban wiki mbili kulitoa pamoja na mama na mwanawe waliokuwa ndani. Huko Bukoba, Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipotua ziwani, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 waliokolewa. Kijana mvuvi aliyesaidia kuufungua mlango aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la nchi hiyo. Hapo serikali ilitambua kitu ambacho kwetu bado hakijatambuliwa: aliye karibu ni sehemu ya kikosi.

Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu zina vichochoro ambavyo gari haliingii, kama Kiandutu. Zina mapaa ya makuti ambayo kwa upepo wa kaskazi hupeleka cheche mbali. Nahodha, mvuvi, mchukuzi wa mkokoteni na kijana wa tuk-tuk ndio boda boda wetu. Kaunti za Pwani zikipanga bajeti ya zimamoto bila wao, zitarudia kosa lile lile.

LA KUFANYA UKIWA WA KWANZA KUFIKA

1. Tazama kwanza usalama wako. Weka mtu wa kusimamisha magari mita kadhaa kabla ya ajali. Ukinusa gesi au petroli, usiwashe chochote.

2. Piga simu. Taja mahali kwanza: kituo, daraja la miguu, shule au msikiti ulio karibu, na upande wa barabara, wa kwenda Nairobi au wa kwenda Thika. Kisha sema kilichotokea na idadi ya majeruhi. Usikate simu hadi uambiwe. Tuma mtu akapokee gari barabarani.

3. Damu ikitoka kwa wingi, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zote, usiachilie. Ikilowa, ongeza kitambaa juu yake.

4. Asiyeitika na asiyepumua, mlaze chali mahali pagumu, ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Mkichoka, pokezaneni. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi bila hewa.

5. Anayepumua lakini hana fahamu, na huna shaka na shingo yake, mgeuze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe.

6. Usimvute majeruhi kutoka garini ila kuna moto, maji au hatari nyingine ya papo hapo. Akilazimika kuhamishwa, watu wanne washike kichwa, mgongo na miguu viende pamoja kama ubao mmoja.

7. Aliyeungua mwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga.

8. Anayezama mrushie kamba, fimbo ndefu, au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Usijitose ikiwa hukufunzwa, kwa kuwa anayezama humshika mwokoaji wakazama wote wawili. Akitolewa hapumui, pumzi za mdomo ni muhimu kwake pamoja na kubonyeza kifua.

9. Wahudumu wakifika, waambie ulichoona na ulichofanya, kisha warudi nyuma watu wote. Hilo nalo ni kuokoa.

La kudai kwa kaunti ni jepesi kutaja: mafunzo katika kila kituo cha boda boda na kila gati, mabomba ya zimamoto yenye maji, ukaguzi wa ngazi na mageti ya magorofa, matimbo yaliyoachwa yazungushwe ua au yafukiwe, na nambari moja ya simu. La kudai nyumbani ni jepesi zaidi. Leo jioni uliza ufunguo wa geti lenu uko wapi, na ni nani mtaani aliyefunzwa huduma ya kwanza. Kama hakuna, peleka mmoja akafunzwe.